Kauli ya Aliyeumia

Miongoni mwa methali zetu iko moja ambayo haichagui msiba. Basi likipinduka, hutamkwa. Mtoto akiungua kwa uji, hutamkwa. Fundi akidondoka kutoka darini, hutamkwa kabla hata hajafikishwa hospitali. Ajali haina kinga. Ni maneno matatu tu, lakini kazi yanayofanya ni kubwa. Yanafuta machozi, yanapatanisha watu, yanazima minong'ono ya majirani, na mara nyingi yanafunga jalada. Yakishatamkwa, anayeendelea kuuliza maswali huonekana mtu wa fitina.

Nimeifikiria methali hii kwa muda mrefu, wala si kwa sababu ya mabasi. Iliyonifanya niifikirie ni kazi ya bustani, ambayo watu wengi huiona ya salama kuliko zote. Mtu akisema anafanya kazi mgodini, twamwonea huruma. Akisema yuko bandarini, twamwambia awe mwangalifu. Akisema anatunza bustani, twamwonea wivu kidogo: kivuli, maua, hewa safi, sauti za ndege. Hata neno lenyewe, bustani, lina harufu ya peponi.

Basi na tuitazame bustani kwa macho ya yule anayeitunza kwa ujira. Kwa miaka kadhaa niliandika vitabu vya hesabu vya kampuni moja ndogo hapa Dar es Salaam, iliyokuwa ikichukua zabuni za kutunza viwanja vya ofisi, shule na nyumba za watu wenye nafasi. Mwandika hesabu hashiki panga, lakini risiti zote hupita mikononi mwake, na risiti nazo zina usemi wake. Petroli ya mashine. Uzi wa kukatia nyasi. Samadi lori moja. Dawa ya kuua magugu. Nauli ya kumpeleka mtu hospitali. Sindano ya pepopunda. Nauli ya hospitali tena. Ukiziweka pamoja kwa mwaka mzima, unaanza kuona kwamba bustani ina bei ambayo haionekani ukipita nje ya ukuta.

Chukua mashine ya kufyekea, ile inayoning'inizwa begani kwa mkanda, yenye uzi wa nailoni unaozunguka chini. Kwa mbali yaonekana kama kichezeo chenye kelele. Lakini tupige hesabu kidogo. Uzi ukikata duara lenye upana wa sentimeta 40, mzingo wa duara hilo ni kama mita 1.25. Mashine ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, ncha ya uzi husafiri karibu mita 8,800 katika dakika moja, yaani zaidi ya kilometa 500 kwa saa. Hakuna basi la Arusha linalothubutu hata theluthi ya mwendo huo, pamoja na sifa zote za madereva wetu. Kokoto ikiguswa na ncha hiyo haisogei; inaruka. Ndiyo maana vitabu vya maelekezo vya mashine hizi huagiza kwamba mtu mwingine yeyote asikaribie ndani ya mita 15. Vitabu hivyo huja kwa lugha za wenzetu, na hubaki kabatini pamoja na karatasi ya dhamana.

Mengine nitayataja kwa haraka. Ua wa minyaa ukikatwa hutoa utomvu mweupe, na tone lake likiingia jichoni mtu hulia siku nzima; wapo wanaopotewa na nuru kwa muda. Samadi na udongo hubeba vijidudu vya pepopunda, na mwiba wa bogenvilia ni mlango wa kuwatosha. Bomba la dawa la mgongoni likichakaa mpira wake huvuja taratibu, na shati hulowa mahali ambapo mtu hawezi kujiona. Ngazi huegemezwa kwenye mwembe ambao matawi yake yamekwisha kufikia nyaya za umeme. Nyuki, nyoka, jua la saa saba mchana. Hayo yote yamo ndani ya kazi ya kivuli na maua.

Kijana mmoja wa kampuni ile alipoteza jicho la kulia. Alikuwa akifyeka pembeni mwa njia ya magari ya kuingilia ofisi fulani, mahali palipomwagwa kokoto ili papendeze. Kokoto moja iligonga ukingo wa saruji ikarudi. Nilikwenda kumjulia hali pamoja na mwenye kampuni. Nataka msomaji aelewe kwamba mwenye kampuni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwema kuliko wengi, maana gharama za matibabu alizilipa bila kusukumwa, na siku ile alibeba machungwa na maziwa kwa mkono wake mwenyewe. Alikaa kando ya kitanda, akamshika kijana mkono, akasema, “Pole sana, mwanangu. Ndiyo dunia. Ajali haina kinga.”

Kijana, nusu ya uso ikiwa imefungwa bandeji, akajibu kwa adabu, “Ndiyo, mzee. Ajali haina kinga. Tushukuru limebaki moja.”

Wawili wale walisema maneno yaleyale, kwenye kitanda kimoja, katika dakika moja. Hata hivyo mimi nilisikia kauli mbili zilizo mbali sana.

Kijana alipoyasema, alikuwa akitoa kitu. Alikuwa akiachilia chuki ambayo alikuwa na kila sababu ya kuibeba. Alikuwa akijipatanisha na jambo ambalo haliwezi kurudishwa, na akimwondolea aibu mkubwa wake aliyekaa mbele yake. Katika kinywa chake methali ile ilikuwa safi kabisa. Sioni mwanafalsafa wa kuikosoa, kwa sababu haikuwa hoja, ilikuwa msamaha.

Alipoyasema mwenye kampuni, methali iligeuka kuwa kitu kingine. Nitaeleza kwa lugha ya kazi yangu. Katika hesabu, mtu anayedai ndiye anayetoa risiti ya kulipwa. Mdaiwa hajiandikii risiti. Akijiandikia, hata kama mwandiko ni mzuri na muhuri upo, karatasi ile ni batili, na mkaguzi akiikuta ataizungushia duara. “Ajali haina kinga” ni risiti ya namna hiyo. Aliyeumia anaweza kuitoa akipenda, na akikataa kuitoa asilazimishwe. Lakini yule ambaye mkononi mwake ilikuwamo kinga, ambaye ndiye aliyenunua mashine, akapanga kazi, akahesabu faida, huyo hana haki ya kujitolea risiti hiyo, hata awe na machozi ya kweli machoni.

Nasema hivi nikijua wapo watakaoona kwamba ninagombana na kudra za Mungu. La hasha. Waliomcha Mungu kabla yetu hawakuichanganya kudra na uzembe. Katika Torati imo amri kwamba mtu akijenga nyumba mpya na afanye ukuta mdogo kuzunguka dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Tazama amri ile inasema na nani. Haikumwambia mpita darini awe mwangalifu. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge. Na hapa pwani hakuna mtoto wa madrasa asiyejua habari ya bedui aliyeulizwa kuhusu ngamia wake, na kwamba kumfunga kulitajwa kwanza, ndipo tawakali ikafuata. Kudra ipo, na kamba ipo. Kamba ni kazi ya mwenye ngamia.

Tulipokuwa tukirudi kutoka hospitali, mwenye kampuni alinieleza jambo ambalo lilikuwa likimkereketa. “Unajua,” alisema, “miwani nilimpa. Aliivua mwenyewe.” Ilikuwa kweli; risiti yake niliipitisha mimi. Hapa ndipo jambo lilipo gumu, na nisingependa kulipita juujuu. Mtu mzima, mwenye akili zake, amepewa kinga akaiweka mfukoni. Je, si yeye aliyeichagua hatari?

Swali hili la mtu aliyeikubali hatari ni la zamani, na Waingereza, ambao sheria yao ililetwa Tanganyika mwaka 1920, walilihangaikia kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1837 mahakama yao ilisikiliza kesi ya kijana mtumishi wa muuza nyama aliyevunjika paja kwa sababu gari la bwana wake lilipakiwa nyama kupita kiasi. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 100, majaji wakazifuta. Hoja yao ilikuwa kwamba bwana hapaswi kumchunga mtumishi kuliko anavyojichunga mwenyewe, na kwamba mtumishi akiiona hatari anaweza kukataa kupanda. Hoja hiyo ikatawala kwa miaka mingi. Mwaka 1891 kesi nyingine ilifika mpaka katika Baraza la Malodi. Mtu alikuwa akitoboa mwamba katika ujenzi wa reli, na juu ya kichwa chake winchi ikipitisha mawe. Alijua mawe yanapita. Aliendelea na kazi. Siku moja jiwe likaanguka. Safari hii walio wengi katika majaji walikataa hoja ya zamani: kuijua hatari, walisema, si sawa na kuikubali.

Tofauti hiyo kati ya kujua na kukubali ni ndogo kwa macho, lakini ndani yake imo heshima yote ya mfanyakazi. Mwenye kukubali lazima awe na uwezo wa kukataa. Na uwezo wa kukataa hauko moyoni tu, uko getini. Saa kumi na mbili asubuhi, nje ya geti la kampuni ile, walikuwa wakisimama vijana saba au wanane wakisubiri deiwaka. Aliye ndani akisema leo mashine haina kikinga, sitaiwasha, aliye nje ataiwasha. Mwenye njaa hana miiko, tunasema, na tunasema kama kwamba tunamlaumu mwenye njaa.

Na miwani je? Niliichukua ile ya kijana nikaijaribu. Ilikuwa ya plastiki, imefungwa pande zote, ya bei ya chini kuliko zote dukani. Ilikuwa mwezi wa Februari. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua Februari. Nilitembea nayo uani. Haikupita hata dakika tano, kioo kikajaa ukungu wa jasho nikawa naona vivuli. Mtu mwenye mashine inayozunguka miguuni pake anahitaji kwanza kuona. Kwa hiyo yule kijana hakuchagua kati ya usalama na hatari. Alichagua kati ya hatari mbili, na akachagua ile inayomwezesha kufika mwisho wa mstari. Ipo kinga ya uso ya wavu wa chuma ambayo haishiki ukungu kwa sababu hewa hupita. Ilikuwapo dukani siku hiyohiyo. Bei yake ilikuwa juu zaidi, nayo ndiyo sababu risiti niliyoipitisha ilikuwa ya ile nyingine.

Kwa hiyo sikubali kwamba alipewa kinga. Alipewa kitu chenye umbo la kinga. Mtu akikupa mwavuli wenye matundu hawezi kusema ulinyeshewa kwa ukaidi wako.

Liko neno jingine linalotumika kama kibali, nalo hutoka katika vinywa vya wafanyakazi wenyewe: nimezoea. Sina dharau na neno hili. Ndilo linalomwezesha maskini kuamka kila siku. Lakini lina hila. Wataalamu wa afya ya kazini Marekani hupima kelele kwa desibeli, na wamekadiria kwamba sikio la binadamu lisiwe katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane kwa siku. Kila zinapoongezeka tatu, muda hukatwa nusu. Zikifika 100, umebaki na robo saa tu. Mashine za kufyekea, zile kubwa hasa, hukaribia kiasi hicho karibu na sikio, na watu wetu huzibeba tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno ambavyo ndivyo vinavyosikia, na vikifa haviotei tena.

Alikuwapo mzee mmoja, hodari wa mashine kuliko vijana wote, aliyekataa vizibo vya masikio. “Mimi nimezoea, mwanangu,” aliniambia. “Kelele hii wala hainisumbui siku hizi.” Alikuwa akisema kweli tupu. Haikumsumbua kwa sababu ile sehemu ya sikio iliyokuwa ikisumbuliwa ilikwisha kufa. Mkewe aliwahi kunieleza, kwa kucheka, kwamba redio yao husikika mpaka nyumba ya tatu. Mzee alidhani mwili wake umeishinda kelele, kumbe kelele ndiyo iliyokuwa imekwisha kuushinda, na ushindi huo ulikuwa kimya. Tangu siku ile, kila ninaposikia mtu amezoea moshi, au dawa, au mgongo unaouma, najiuliza ni kipi ndani yake kilichonyamaza.

Na mgongo wenyewe una historia inayofaa kusimuliwa, kwa sababu inahusu methali nyingine ya kumfunga mtu mdomo: mchagua jembe si mkulima. Huko California, Marekani, vibarua wa mashamba ya saladi na viazisukari, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Meksiko na Wameksiko, walipewa kwa miaka mingi jembe lenye mpini mfupi mno, ambalo kwa Kihispania waliliita el cortito, yaani kifupi. Halitumiki ila mtu akiinama kabisa, na waliinama hivyo kutwa nzima. Wenye mashamba walidai kwamba jembe la mpini mrefu lingeharibu mimea. Vibarua walijua sababu nyingine. Mnyapara akilitazama shamba kwa mbali, mgongo ulionyooka ulimwonyesha mara moja ni nani amepumzika. Madaktari walitoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, mawakili wa watu maskini wakaipeleka kesi mpaka Mahakama ya Juu ya jimbo hilo, na mwaka 1975 jembe lile likapigwa marufuku. Saladi haikutoweka mezani. Kwa miaka yote ile wangeweza kurefusha mpini.

Naipenda habari hii kwa sababu inaonyesha kinga hukaa wapi. Tukisema usalama kazini, fikra zetu hukimbilia glavu, buti na kofia, vitu vya kumvika mtu. Hivyo ni vya mwisho. Kabla ya hivyo lipo jembe lenyewe: ni nani alilichagua, na kwa sababu gani. Kabla ya kumvisha kijana miwani lilikuwapo swali la kokoto. Kwa nini zimwagwe pembeni mwa nyasi zinazokatwa kwa mashine? Kwa nini asitangulie mtu mwenye ndoo kuziokota? Kwa nini ua uwe wa minyaa mahali ambapo kila mwezi lazima mtu aukate uso wake ukiwa karibu? Bustani huchorwa na mtu kabla haijatunzwa na mwingine, na mchoraji anapopanga rangi na vivuli anapanga pia, pasipo kujua, macho ya nani yatakuwa wapi.

Kuhusu dawa za kuua magugu nitasema machache, kwa sababu wataalamu wenyewe hawajapatana. Ile iitwayo glaifoseti, inayouzwa dunia nzima, iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani mwaka 2015 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani kwa binadamu. Idara ya mazingira ya Marekani kwa upande wake ilikataa hitimisho hilo. Mwaka 2018, baraza la wazee wa mahakama huko San Francisco lilimpa ushindi Dewayne Johnson, mtunza viwanja vya shule katika mji wa Benicia, aliyeugua saratani ya tezi baada ya kupuliza dawa hiyo kazini. Aliamriwa alipwe dola milioni 289; hadi mwaka 2020 mahakama zilikuwa zimepunguza hadi milioni 20.5. Mimi si mwanakemia, na sitajifanya mwamuzi. Ninachokiona ni kwamba wakati wenye elimu wanaendelea kubishana, ngozi ya mtu haisubiri matokeo. Johnson alieleza mahakamani jinsi dawa ilivyommwagikia akalowa. Bomba lisilovuja, nguo ya kubadili, maji na sabuni karibu, havihitaji ubishi uishe kwanza. Shaka ya wataalamu isiwe faida ya mwenye bomba peke yake.

Sheria zipo, wala sisemi tumelala. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Tunao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza mwaka 2015, ambao mwajiri ndiye anayeuchangia. Shirika la Kazi Duniani liliandika katika mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote, na mwezi Juni mwaka 2022 likaiweka kazi iliyo salama miongoni mwa haki za msingi. Ni maneno mazuri. Lakini sheria huja na mkaguzi, na mkaguzi huja na gari, na gari hupita kwenye viwanda vyenye mabomba ya moshi. Watu wanne wenye ngazi na mapanga nyuma ya pikapu, leo Masaki, kesho Mbezi, nani atawakagua? Usalama wao unabaki mikononi mwa dhamiri za watu wachache, na ndiyo sababu nimeona jambo hili ni la maadili kabla halijawa la sheria.

Nimemtaja mwenye kampuni mara nyingi kiasi cha kumwonea. Yuko mwingine. Katika zabuni ya ofisi ile yenye kokoto, orodha ya gharama niliiandaa mimi kwa maagizo ya mwenye kampuni: kufyeka, kupogoa, kumwagilia, mbolea, na mwisho kabisa, vifaa vya kinga. Ofisa wa mteja, mtu msomi, mpole, mwenye picha za watoto wake mezani, alichukua kalamu nyekundu akaufuta mstari wa mwisho. “Hii ni ya kwenu, siyo yetu,” alisema. Kisha akapunguza asilimia kumi katika iliyobaki. Mwenye kampuni alikubali, kwa sababu kampuni nyingine tatu zilikuwa zinasubiri nje ya geti la ofisi ile, kama vile vijana walivyokuwa wakisubiri nje ya lake.

Sasa jicho lile lidaiwe kwa nani? Mzigo wa lawama ukigawanywa kwa wengi, kila mmoja huona amebeba unyoya. Ofisa alifuta mstari tu. Mwenye kampuni alinunua ya bei nafuu tu. Msimamizi alisema fanyeni haraka tu. Kijana aliivua tu. Lakini sidhani lawama hugawanyika kama mkate. Nionavyo, iko kama mkopo wa wadhamini katika chama cha ushirika: mmoja akikimbia, aliyebaki hudaiwa wote, si fungu lake. Kila mmoja wao angeweza peke yake kuliokoa jicho lile, kwa hiyo kila mmoja wao anadaiwa jicho zima. Hata kijana? Nimejiuliza hilo pia. Nadhani yeye amekwisha kulipa, tena ndiye peke yake aliyelipa.

Alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Mashine aliikataa, na safari hii kukataa kwake kulikubaliwa. Akapewa ndoo, akawa anatangulia mbele ya wenzake kuokota mawe na vipande vya chupa, kwa ujira uleule. Mwenye kampuni alinunua zile kinga za wavu, nne kwa mpigo. Hakuwahi kuniambia kama alibadili mawazo yake juu ya ile methali, nami sikumwuliza. Ni mkubwa wangu kwa umri.

Mwaka uliofuata alinipa rasimu ya zabuni mpya ya ofisi ileile. Niliona mstari wa vifaa vya kinga haumo kabisa, nikadhani amekata tamaa. Kumbe fedha yake ilikuwa imeingizwa katika bei ya kufyeka kila mita ya mraba. Nilimwuliza kama huko si kuficha.

“Petroli tunaiandika peke yake?” akaniuliza. “Uzi tunauandika? Na jicho la mtu limo katika bei ya nyasi.”

Nikaiandika kama alivyotaka. Yule ofisa aliisoma yote kwa makini, akafuta siku mbili za kumwagilia kwa kalamu yake nyekundu, akatia saini.